Wigi la lesi likichanika lishonwe, na fundi alipwe

WANAUME wengi wakisikia neno wigi huguna na kufungua ukurasa mwingine. Leo naomba wasifungue, kwa sababu fedha ninazozizungumzia hapa mara nyingi zimetoka mifukoni mwao, au kwenye kikoba ambacho wake zao huchangia kila wiki. Wigi zuri la lesi, lenye nywele za binadamu, kama yanavyouzwa katika maduka ya Kariakoo, si urembo wa bei ya bangili. Mama wa kipato cha chini hukusanya miezi kadhaa, au husubiri zamu yake ya upatu, ndipo alinunue.

Cha ajabu ni kwamba kitu hicho cha gharama kikipata tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, pale mbele kwenye paji la uso, hesabu yake imekwisha. Hufungwa kwenye mfuko, husukumwa uvunguni, na mwenyewe huanza kuchangia upya. Redio ikikorofisha tunatafuta fundi. Kiatu kikiachama tunatafuta fundi. Wigi la bei ya redio tatu likitoboka tunatafuta jingine.

Nadhani tatizo ni namna tulivyozoea kulitazama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Dar es Salaam Januari 1, 1969, na wigi likawekwa katika orodha moja na sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Baadhi ya vurugu za siku zile zilitokea hapa hapa Kariakoo, ambako vijana waliwavamia wanawake kwa sababu ya mavazi yao. Nusu karne baadaye, Juni 2019, Waziri wa Fedha na Mipango wa wakati huo, Dk Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoagizwa kutoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Mara ya kwanza wigi lilikuwa suala la maadili, mara ya pili likawa suala la mapato ya Serikali. Bado halijapata siku ya kutazamwa kama mali ya mtu, inayochakaa, inayotengenezeka, na yenye fundi wake.

Tuanze na kitu chenyewe, maana anayekijua ndiye atakayekitunza. Wigi la lesi ni wavu. Sehemu ya mbele, ambayo katika aina nyingi huanzia sikio moja hadi la pili, ni kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana, na kila unywele, au nywele mbili tatu pamoja, umefungwa fundo kwenye uzi wa tundu lake. Sehemu kubwa ya mafundo hayo bado hufungwa kwa mkono. Nyuma kwa kawaida ni mistari ya nywele iliyoshonwa kwa mashine, ile ile tunayoiita wivingi, ikapangwa juu ya kofia inayovutika.

Kitovu cha biashara hii duniani ni mji wa Xuchang, katika jimbo la Henan nchini China. Ujira ulipopanda huko, kazi ya kufunga mafundo ilianza kupelekwa kwa watu wanaolipwa kidogo zaidi, hata kuvuka mpaka na kuingia Korea Kaskazini. Takwimu za forodha za China za mwaka 2023 zilionyesha kwamba nywele, ndevu na kope za bandia zilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zilizosajiliwa kutoka nchi hiyo. Nalitaja hilo ili msomaji aone kwamba anaponunua wigi la lesi analipia vitu viwili, nywele na saa nyingi za vidole vya mtu. Nywele za binadamu zikitunzwa hudumu muda mrefu. Kinachokufa mapema ni ule wavu, na wavu ndio sehemu ndogo kabisa ya gharama.

Na Dar es Salaam ni mji mgumu kwa wavu. Joto la Januari na Februari hulainisha gundi, jasho huingia chini ya lesi, na jioni mwenyewe anashuka kwenye daladala kichwa kikimuwasha, akifika nyumbani anachofikiria ni kulibandua tu. Wanaopanda bodaboda wana adui mwingine, kofia ngumu, ambayo husugua mbele kila inapovaliwa na kuvuliwa. Wanaofunga mtandio juu ya wigi huchoma pini, na pini hukata uzi wa lesi bila mtu kuona. Chanuo lenye meno membamba nalo lina lake.

Hata hivyo, katika mawigi yanayochanika mbele, adui mkubwa ni kule kubandua kwa haraka. Gundi inatakiwa ilegezwe kwanza kwa spiriti au mafuta kwenye pamba, taratibu kutoka pembeni, kwa dakika kadhaa. Anayevuta kwa nguvu huchana lesi, na si lesi peke yake. Hung'oa pia nywele zake mwenyewe za ukingoni mwa paji, na zile zikivutwa mwaka baada ya mwaka hufika mahali zisiote tena. Hapo wigi linakuwa si la hiari.

Sasa namna ya kulitengeneza, ambayo haihitaji chumba maalumu bali meza, mwanga wa kutosha na subira. Wigi lioshwe kwanza. Uzi haushiki vizuri kwenye lesi yenye mafuta na mabaki ya gundi, na kwa fundi anayepokea mawigi ya watu wengine hilo ni suala la afya pia. Maji yawe ya uvuguvugu, shampuu ipakwe kufuata nywele zinavyoshuka, wala zisifikichwe kama nguo. Kondishena iishie kwenye urefu wa nywele. Ikifika kwenye mafundo huyalainisha yakateleza na kufunguka, na hapo ndipo mtu analalamika kwamba ameuziwa wigi bovu linalopukutika. Likauke kivulini juu ya kichwa cha sponji. Kulihifadhi na unyevu katika hewa ya mji huu ni kukaribisha ukungu.

Kama ni mpasuko mwembamba, kiraka hakihitajiki. Lesi inyooshwe juu ya kichwa kile kwa pini, bila kuvutwa, na kingo mbili ziunganishwe kwa sindano nyembamba kupita tundu kwa tundu, kwa uzi wa nailoni usioonekana au kwa unywele wenyewe. Ni kutililia, kazi ambayo bibi zetu waliifanya kwenye mashuka. Uzi usikazwe sana, maana lesi itakunjamana na kila atakayekusalimia ataiona.

Kama ni tundu, linataka kiraka cha lesi ya aina na rangi ile ile. Hapa kuna jambo ambalo kila mnunuzi angeambiwa dukani. Wigi jipya huja na ukanda wa lesi tupu mbele, ambao hukatwa siku ya kwanza ya kuvaa. Ukanda huo usitupwe. Uwekwe kwenye bahasha pamoja na risiti, kwa sababu ndio spea ya wigi lako, na huwezi kupata inayofanana zaidi. Kipande chake huwekwa chini ya tundu, matundu ya juu na ya chini yakielekezwa upande mmoja, kikashonwa kuzunguka kwa mishono midogo inayoshika nyuzi nzima, si zile zilizokwisha kukatika. Nyuzi zilizochanika hupunguzwa mwishoni, si mwanzoni. Wapo wanaotumia neti ya shela za maharusi, ambayo hupatikana kwa wauza vifaa vya ushonaji. Inafaa kwa utosini na pembeni, ndani ya kofia. Mbele, ambako ngozi huonekana, matundu yake ni makubwa na ugumu wake utakusaliti.

Kisha nywele zirudishwe. Sindano inayotumika ni ya kulabu, kama ya kroshia lakini nyembamba mno. Unywele hukunjwa katikati, kulabu hupita chini ya uzi wa lesi, hunasa ule mkunjo, huuvuta, huuzungusha na kuupitisha, na fundo hukazwa. Ukingoni kabisa mwa paji iwe unywele mmoja mmoja, nyuma yake mbili au tatu, na zielekee zinakoelekea jirani zake. Nywele zenyewe zitoke katika mstari wa chini kabisa kisogoni mwa wigi hilo hilo, ambako hazitaonekana kupungua. Usichanganye na za dukani kabla ya kuchoma moja kwa kiberiti. Ya binadamu huwa majivu yenye harufu ya unyoya ulioungua, ya plastiki huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Fundi akichanganya hizo mbili, siku mteja atakapopitisha pasi ya nywele atalipa wigi zima.

Kuhusu rangi ya kucha ile nyeupe isiyoonekana, inayosifiwa kila kona, ushauri wangu ni wa nusu nusu. Tone dogo kwenye ncha ya uzi upande wa kisogoni huzuia uzi usifumuke. Ikipakwa mbele hukauka ikawa ngumu, hung'aa juani na kukwaruza ngozi. Gundi ya kuunganishia viatu isisogezwe kabisa karibu na wigi.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa wigi ufa huzibwa kabla ya kuvaliwa siku ya kwanza. Mistari ya wivingi ipitishiwe mshono wa pili wa mkono au wa mashine juu kabisa, pale nywele zinapotokea. Pembeni mwa masikio, ambako ndiko mvutano ulipo, ishonwe utepe laini kwa ndani. Kisha ishonwe lastiki ya upana wa kidole kutoka sikio hadi sikio kupitia kisogoni. Hii ya mwisho ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu wigi lenye lastiki halihitaji gundi. Linavaliwa asubuhi, linavuliwa jioni, kichwa kinapumua na lesi haibanduliwi. Lastiki ya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na chupa ya gundi. Na tahadhari moja kwa wanaopenda kupausha mafundo ili yasionekane kama vitone vyeusi: dawa ile hula fundo pamoja na unywele. Ikizidishwa muda, nywele zitaanza kutoka wiki ya pili, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano wa wigi la Sh300,000 linalovaliwa mfululizo kwa miezi sita, kisha linatupwa. Mwenyewe ametumia Sh50,000 kila mwezi. Tuseme badala yake amelipa fundi Sh25,000 mara mbili na likadumu mwaka mzima. Jumla ni Sh350,000 kwa miezi 12, yaani kama Sh29,000 kwa mwezi. Tofauti ni zaidi ya Sh20,000 kila mwezi, na msomaji anayeendesha nyumba Buguruni au Magomeni hahitaji mimi nimweleze hiyo ni nini. Hizi ni namba za mfano tu. Kila mmoja aweke bei aliyolipa yeye aone.

Kwa upande wa pili wa meza, ile Sh50,000 ni kipato cha mwanamke mwingine aliyekaa nyumbani kwake, bila kodi ya fremu, akiwa na sindano mbili, kichwa cha sponji na taa. Na mikono ya kazi hii hatuna haja ya kuiagiza. Tunao akina mama wanaofuma vitambaa vya kroshia vya kufunikia makochi nchi nzima. Zanzibar na mwambao wote kuna washonaji wa kofia za viua, ambamo kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono na kofia moja nzuri inaweza kuchukua miezi. Mtu aliyeweza kofia ya viua hawezi kushindwa na lesi ya wigi.

Ila hiyo kofia ina somo jingine, nalo si la kufurahisha. Mara nyingi aliyeshona hupata kidogo kuliko aliyeuza. Sababu ni kwamba kazi ya sindano inayofanyiwa nyumbani imehesabiwa kuwa ni ya kupitishia muda. Naliona hilo likianza kwenye mawigi pia. Mteja aliyetoa laki tatu dukani bila kutetereka, akifika kwa fundi anasema, "Shoga yangu, si ni kuunga tu hapo?" na anatoa elfu tano kama anatoa sadaka. Fundi, kwa haya, anapokea. Saa tatu za macho na mgongo zinakwenda hivyo.

Rai yangu kwa mafundi ni kwamba watoze kwa muda na si kwa ukubwa wa tundu. Tundu dogo la mbele lina mafundo ya unywele mmoja mmoja na linakula saa nyingi kuliko pengo kubwa la kisogoni. Bei isemwe kabla sindano haijaingia, nusu ilipwe mwanzo, wigi lipigwe picha kwa simu likipokelewa na likirudishwa. Na kwa kuwa nywele hizi huuzwa kwa gramu, wigi likishaoshwa na kukauka lipimwe kwenye mizani ya jikoni mbele ya mteja, kisha lipimwe tena siku ya kulichukua. Hofu ya wengi kuacha wigi kwa fundi ni kwamba litapunguzwa nywele, na sisemi hofu hiyo haina msingi. Mizani inaimaliza bila maneno mengi.

Kwa wauzaji wa Kariakoo nina lawama ndogo. Katika duka moja niliuliza lesi tupu ya kupima kwa inchi, nikaonyeshwa wigi jipya. Gundi zipo za kila aina, sindano ya kulabu haipo. Wafanyabiashara hao wanadhani wigi likitengenezwa watauza machache. Watembee hatua chache hadi Gerezani wakaulize kama kuuza spea za magari kumewafilisi wauza magari. Mteja anayejua kwamba kitu kinatengenezeka hukubali kununua cha bei ya juu, na muuzaji mwenye lesi, uzi na sindano humrudisha mteja huyo dukani mara nne badala ya moja.

Kuna jambo la Serikali pia. Amri iliyotangazwa Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwamo ukarabati wa simu na saluni, isipokuwa saluni zilizo hotelini au za shughuli za utalii. Kariakoo walishangilia. Mimi naona kumlindia mtu kiti cha saluni bila kumwongezea ujuzi wa mkononi ni kumwachia kiti kitupu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata mtaani bila kupita chuoni, na mafundi wa fani nyingi wamepata vyeti kwa njia hiyo. Sioni sababu ya msusi anayejua kurudisha mafundo ya lesi kubaki nje.

Ninachosita kushauri ni mkopo. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu), iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ina kazi zake, lakini hii si mojawapo. Vifaa vya kuanzia havifiki bei ya wigi la chini kabisa. Anayetaka kujifunza achukue lile wigi lililolala uvunguni tangu mwaka jana, alioshe, na ajifunzie hapo kabla hajagusa la mtu. Mafundo mia ya kwanza yatakuwa mabaya. Ya pili yatakuwa na nafuu, na kabla ya msimu wa sikukuu, ambapo kila mtu hutaka kichwa kipya kwa wakati mmoja, atakuwa tayari kupokea la jirani na kumtajia bei.